Daktari Aliyesoma Kigiriki

Enzi za uviko, sura ya Anthony Fauci ilifika hadi kwenye televisheni za vibanda vya chipsi vya Dar es Salaam na Mombasa: mzee mfupi mwenye miwani, amesimama pembeni ya rais wa Marekani, anaeleza habari za virusi kwa sauti iliyokauka. Waliomtazama walimjua kuwa bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Wachache walijua alianzia wapi. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata mwaka 1962 katika Chuo cha Holy Cross kule Massachusetts, ilikuwa ya lugha na maandishi ya kale, yaani Kigiriki na Kilatini. Masomo ya sayansi yaliyodaiwa na vyuo vya udaktari aliyachukua hukohuko, kando ya Kigiriki chake. Miaka minne baadaye akahitimu udaktari Cornell, akiwa wa kwanza darasani.

Mzazi wa Tanzania akisikia hivyo anadhani anapigwa fiksi. Kwetu mtoto anaamua kuwa daktari siku anapojaza selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo ya mbele, akiwa kidato cha nne: PCB, au basi. Fizikia, kemia, baiolojia. Aliyepelekwa HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, ameshauaga udaktari kabla hajaota ndevu. Aliyefaulu PCB yake anaingia moja kwa moja Muhimbili, Bugando au KCMC, miaka mitano ya darasani na wodini, mwaka mmoja wa intern, na mtaa mzima unamwita Dokta. Kenya ni miaka sita badala ya mitano, lakini mlango ni uleule: kutoka sekondari kwenda udaktari bila kupita kwingine.

Ndiyo maana ndugu aliyeko Mbeya akimuuliza mpwa wake wa Minneapolis, "Unasomea nini?", na mpwa akajibu kwamba anasoma historia na anataka kuwa daktari, simu inakaa kimya kidogo. Mjomba anahisi mtoto kapotea, au anaficha jambo. Kumbe mtoto anaweza kuwa kwenye njia iliyonyooka kabisa. Marekani udaktari ni shahada ya pili. Kwanza unasoma chuo miaka minne na kupata shahada ya kitu chochote, kisha unaomba chuo cha udaktari ambacho nacho ni miaka minne, halafu mafunzo ya ubingwa hospitalini, miaka mitatu kwa daktari wa familia hadi saba kwa mpasuaji wa ubongo. Hiyo "pre-med" tunayoisikia kwenye simu si kozi katika vyuo vilivyo vingi. Ni nia, pamoja na orodha ya masomo. Mtu anaweza kuwa nayo huku shahada yake ikiwa ya muziki.

Swali la shahada ipi ni la kweli hata hivyo, na familia zetu zilizoko huko hulijibu vibaya mara nyingi kwa sababu hulijibu kwa akili ya selfomu. Msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi baadhi ya wazee: kijana anayetaka udaktari Marekani achague shahada yake ya kwanza kana kwamba udaktari utamkataa.

Kukataliwa si jambo la mbali. Kila mwaka waombaji wa vyuo vinavyotoa shahada ya MD huzidi 50,000, na wanaoingia ni kama 23,000. Zaidi ya nusu hurudi nyumbani mikono mitupu, na hao ndio waliothubutu kuomba. Waliokata tamaa mwaka wa kwanza, baada ya kemia kuwachapa, hawamo kwenye hesabu hiyo. Kuna mlango mwingine, vyuo vya osteopathia vinavyotoa shahada ya DO, vyenye zaidi ya robo ya wanafunzi wote wa udaktari nchini humo. Mhitimu wake ni daktari kamili, anatibu, anapasua na kuandika dawa kama mwenzake. Wazee wetu wengi hawaujui mlango huo, na wakisikia jina lake wanadhani ni uganga wa kuchua viungo. Lakini hata huko watu hukataliwa.

Utaratibu huu wa shahada mbili haukuanguka kutoka mbinguni. Karne ya kumi na tisa, vyuo vingi vya udaktari vya Marekani vilikuwa biashara: ukilipa ada unaingia, hata kama kusoma kwenyewe kunakupa taabu. Mwaka 1893 Chuo cha Udaktari cha Johns Hopkins kilifunguliwa Baltimore kikiwa na sharti geni, kwamba anayeingia awe tayari na shahada ya kwanza, awe amesoma sayansi, na ajue Kifaransa na Kijerumani. Aliyelisimamia sharti hilo ni mwanamke mwenye fedha, Mary Elizabeth Garrett, aliyekubali kutoa pesa za kufungulia chuo ikiwa tu wanawake watapokewa sawa na wanaume na kiwango cha kuingilia hakitashushwa. Kiwango kilikuwa kikali hata William Osler, mmoja wa maprofesa waanzilishi, akamtania mwenzake kwamba bahati yao wameingia kama walimu, maana kama wanafunzi wasingepita.

Mwaka 1910 ikatoka ripoti ya Abraham Flexner, iliyoyapima mashule hayo moja moja na kuyaanika. Mengi yalifungwa, na miongoni mwa yaliyokufa baadaye ni mengi ya yale yaliyofundisha Waamerika weusi. Flexner aliona mawili tu yanafaa kuendelezwa, Howard na Meharry. Hasara hiyo bado inaonekana kwenye wodi za Marekani mpaka leo, lakini hiyo ni makala nyingine. La kwetu hapa ni kwamba kuanzia hapo fizikia, kemia na baiolojia zikawa forodha. Hujazilipia, hupiti.

Ushuru wenyewe haujabadilika sana. Vyuo vingi vya udaktari vinadai mwaka mmoja wa baiolojia na maabara yake, mwaka wa kemia ya kawaida, mwaka au karibu yake wa kemia ogani, mwaka wa fizikia, muhula wa biokemia, na masomo ya uandishi wa Kiingereza. Wanafunzi wengi huongeza takwimu, saikolojia na sosholojia. Ukiyajumlisha hayo yote yanachukua kama theluthi moja ya shahada ya miaka minne. Theluthi mbili zilizobaki ni za mwanafunzi mwenyewe, na hapo ndipo somo kuu linapokaa. Anayesoma baiolojia atagundua sehemu kubwa ya orodha inaingiliana na kozi yake. Anayesoma fasihi itabidi abebe mizigo miwili. Tofauti yao ni ya ratiba. Kwa anayesoma faili la mwombaji, fasihi haimwondolei mtu maksi.

Kisha kuna alama, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wetu wengi wanapoangukia bila kujua wameanguka.

Tuseme kijana ameingia mwaka wa kwanza. Familia imeshamtangaza kanisani kwamba anasomea udaktari, kwa hiyo anajipakia: kemia uniti nne, baiolojia uniti nne, hisabati ya kalkulasi uniti nne, na uandishi wa Kiingereza uniti tatu. Jumla uniti 15. Kila Ijumaa na Jumamosi usiku anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee, anageuza wagonjwa vitandani na kuwabadilisha nguo, maana kodi ya nyumba haisubiri. Muhula unaisha: kemia C, baiolojia B, kalkulasi B, Kiingereza A. Kwa kijana aliyetoka kwenye mfumo ambao C ya kemia ni ufaulu halali, hayo ni matokeo ya kwenda kushukuru Mungu. Hakudisko, hana sapu.

Sasa tupige hesabu kwa namna vyuo vya udaktari vinavyopiga. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, mara uniti za somo. Kemia pointi 8, baiolojia 12, kalkulasi 12, Kiingereza 12. Jumla 44, gawanya kwa 15: wastani wa alama, yaani GPA, ni 2.93. Masomo ya sayansi na hisabati hupigiwa hesabu yao ya pembeni, na hiyo ni 2.67. Wastani wa wanaoingia vyuo vya udaktari ni karibu 3.8. Ili amalize uniti 120 za shahada akiwa na 3.7 tu, kijana huyu anatakiwa kuvuna pointi 400 katika uniti 105 zilizobaki. Ni wastani wa 3.81 kwa mihula saba mfululizo, ikiwamo ile ya kemia ogani na fizikia. Akitaka 3.8, anadaiwa 3.92, yaani A karibu kila mahali. Muhula mmoja tu umepita.

Na asidhani atairudia kemia halafu ile C ifutike. Chuo chake kinaweza kuifuta kwenye cheti chake, lakini ofisi kuu inayopokea maombi ya vyuo vya MD huhesabu yote mawili, la kwanza na la marudio. Hata somo alilolifanya chuo cha jamii akiwa bado sekondari linaingia.

Ukishaiona hesabu hiyo, swali la somo kuu linageuka. Linakuwa: ni wapi kijana huyu atapata A bila kufa? Kama anapenda baiolojia, anaisoma hata kwenye daladala, basi aichukue na apige msuli. Lakini kama ameichukua kwa kuwa shangazi kasema madaktari husoma baiolojia, atashindana na darasa lililojaa watu waliokuja kwa ajili hiyohiyo, wengi wao wakiwa na walimu wa ziada wa kulipia, wasiofanya zamu za usiku. Kwa nini ajiongezee kozi sita za juu za baiolojia ambazo hakuna chuo cha udaktari kilichozidai? Uhandisi nao ni mtego wa aina yake. Unasifiwa, ni mgumu, na kamati inayosoma faili inajua ni mgumu, ila huruma yake haitoshi kuigeuza 3.2 kuwa 3.8.

Takwimu za chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani zinaunga mkono jambo hili. Zaidi ya nusu ya waombaji wote wamesoma sayansi za baiolojia, na wanaofanikiwa miongoni mwao ni asilimia 40 na kitu. Waliosoma fasihi, historia, falsafa na lugha ni wachache mno, lakini mwaka baada ya mwaka kiwango chao cha kuingia huwa juu kidogo ya wenzao wa baiolojia. Asikudanganye mtu kwamba falsafa ndiyo dawa. Mwanafalsafa anayethubutu kuomba udaktari mara nyingi ni yule ambaye tayari ana alama za kutisha. Wenye alama za kawaida walishajichuja wenyewe. Takwimu hizo zinathibitisha jambo moja tu, kwamba falsafa haifungi mlango.

Wapo waliotaka twende mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1978 daktari na mwandishi Lewis Thomas aliandika katika jarida la tiba la New England makala ya kukejeli, akishauri kwamba mwombaji yeyote anayejiita pre-med awekwe mwisho wa foleni, na kwamba Kigiriki cha kale kiwe ndicho kiini cha masomo ya maandalizi. Ilikuwa nusu mzaha. Miaka tisa baadaye, 1987, chuo cha udaktari cha Mount Sinai, New York, kikaufanyia kazi upande wake wa kweli: kikaanza kuwapa nafasi mapema wanafunzi wa fasihi na sayansi za jamii bila kuwadai kemia ogani, fizikia, wala mtihani wa kuingilia. Mwaka 2010 chuo hicho kilichapisha ulinganisho wa wanafunzi 85 wa mpango huo na 606 walioingia kwa njia ya kawaida. Wale wa fasihi alama zao za mtihani wa kwanza wa leseni zilikuwa chini kidogo, lakini kwa jumla walikwenda sambamba na wenzao, na walielekea zaidi kwenye magonjwa ya akili na tiba ya msingi. Mtu aliyedhaniwa hawezi kuwa daktari bila kuchora mishale ya elektroni alikuwa daktari kama wengine.

Mifano ya watu mmoja mmoja ni mingi, na nikiri kwamba naipenda kupita kiasi. Harold Varmus alisoma fasihi ya Kiingereza Amherst, akachukua na shahada ya uzamili ya fasihi Harvard. Chuo cha udaktari cha Harvard kilimkataa mara mbili, Columbia ikampokea, na mwaka 1989 akapata Nobel kwa utafiti wa chanzo cha saratani. Paul Farmer alisoma anthropolojia Duke. Huyo tunamjua sisi wenyewe: aliishi na kufanya kazi Rwanda, akashiriki kujenga chuo kikuu cha afya kule Butaro, na huko huko Butaro mauti yakamkuta Februari 2022. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani kwenda anga za juu, alichukua Stanford uhandisi kemikali na masomo ya Waafrika pamoja, akamaliza 1977, kisha udaktari Cornell. Kiswahili ni mojawapo ya lugha alizojifunza. Anayeweza kupata A zake kwenye uhandisi, basi na aende. Hakuna kanuni moja kwa wote.

Mtihani wa kuingilia, MCAT, nao unaeleza vyuo vinatafuta nini. Una sehemu nne, siku nzima ya saa saba na nusu ukihesabu mapumziko. Sehemu mbili ni za kemia, fizikia, baiolojia na biokemia. Ya tatu, iliyoongezwa mwaka 2015, ni saikolojia na sosholojia. Ya nne haina sayansi hata chembe: unapewa vifungu vya historia, sanaa, siasa au maadili, maswali 53 kwa dakika 90, na unapimwa kama umeelewa mwandishi anadai nini na hoja yake inapwaya wapi. Hiyo ya nne, kwa maoni yangu, ndiyo hatari kwa kijana aliyefika Kentucky kutoka Uvira au kambi ya Nyarugusu akiwa na miaka kumi na mitatu, aliyejifunza Kiingereza kama lugha ya tatu au ya nne. Kemia atakariri, atafanya maswali mia, itaingia. Kasi ya kusoma kifungu kigumu cha Kiingereza haikaririki wiki sita kabla ya mtihani. Inajengwa kwa miaka ya kusoma kurasa nyingi na kuandika insha zinazorudishwa zimejaa wino mwekundu. Kwa kijana kama huyo darasa la historia ni mazoezi ya MCAT, ingawa shangazi ataliita kupoteza muda.

Kuna shahada moja ambayo nyumbani kwetu ughaibuni huchaguliwa bila kufikiriwa mara mbili: uuguzi. Sababu inaeleweka. Nusu ya watu kwenye harusi yoyote ya Waswahili wa Texas au Ohio wanafanya kazi ya afya. Mama ni msaidizi wa wauguzi, mjomba ni muuguzi mwenye leseni, na uuguzi ndio uliojenga nyumba Kigamboni na Kitengela. Kwa hiyo mtoto anaambiwa: soma uuguzi kwanza, ukiweza utapanda uwe daktari. Kwetu ngazi hiyo ipo kweli. Tabibu mwenye stashahada anaweza kurudi chuo akatoka daktari.

Marekani ngazi hiyo ina vipago vilivyokatika. Kemia inayofundishwa wanafunzi wa uuguzi mara nyingi ni muhula mmoja uliorahisishwa, na vyuo vingi vya udaktari havitaipokea badala ya kemia kamili. Siku za mafunzo ya wodini zinagongana na maabara ya fizikia. Mhitimu wa uuguzi anayetaka udaktari hujikuta, akiwa na miaka 22 na shahada mkononi, bado anadaiwa karibu masomo yote ya ile orodha. Na kwenye takwimu za waombaji, kundi la waliosoma kozi maalumu za afya ndilo ambalo mara nyingi huwa chini kwa kiwango cha kuingia. Simkatazi mtu uuguzi. Ni kazi nzuri, yenye mshahara wa uhakika siku ya kwanza, na ukirudi kwenye msimamo wangu wa kuchagua kana kwamba umekataliwa, uuguzi unafaulu mtihani huo kuliko kozi nyingi. Ila familia ijue inanunua uuguzi. Isidhani imelipa arubuni ya udaktari.

Sasa tuzungumze makaratasi, jambo ambalo washauri wa masomo wa Kimarekani hawalitaji mpaka waulizwe, kwa kuwa wengi wa wanafunzi wao ni raia. Mzazi wa Masaki au Karen anayemlipia mtoto ada ya chuo Boston kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ili "akasomee udaktari" anapaswa kujua kwamba vyuo vingi vya udaktari vya Marekani havimpokei kabisa mwombaji asiye raia wala mkazi wa kudumu. Baadhi ya vinavyompokea humtaka aweke benki, kabla hajakanyaga darasani, ada ya mwaka mzima au hata ya miaka yote minne. Mikopo ya serikali ya shirikisho si yake. Wageni wa namna hiyo hawafiki hata asilimia mbili ya wanaoingia kila mwaka. Mwenye grini kadi hali yake ni tofauti kabisa. Yeye anaomba kama raia. Watoto wawili wanaweza kukaa dawati moja, wakapata alama zilezile, mmoja ana milango zaidi ya mia na hamsini na mwenzake ana michache ya kuhesabu. Kama lengo ni udaktari na hakuna grini kadi, kumpeleka mtoto Muhimbili au Nairobi, kisha aje Marekani kwa mafunzo ya ubingwa baada ya mitihani ya leseni, ni njia fupi na ya bei nafuu zaidi. Haina picha nzuri za theluji, hiyo nakubali.

Kwa aliyeko tayari huko kwa F-1, somo kuu lina uzito ambao kwa raia halina. Baada ya kuhitimu anaruhusiwa kufanya kazi inayohusiana na alichosomea kwa miezi 12. Akiwa amesoma kozi iliyo kwenye orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, anaweza kuomba miezi 24 zaidi. Miaka mitatu badala ya mmoja: muda wa kufanya kazi maabara, kufanya MCAT, kuomba, kukataliwa, na kuomba tena. Kijana huyu asiige Varmus. Takwimu, biokemia, sayansi ya neva, hata hisabati tupu zitampa nafasi ya kupumua ambayo fasihi haitampa, na historia aichukue kama somo la pili.

Fedha nazo zimebadilika hivi karibuni. Deni la mhitimu wa kawaida aliyekopa limefika kama dola 200,000. Zamani serikali ilimkopesha mwanafunzi wa udaktari mpaka gharama yote iishe. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inaufuta mkopo huo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na kuweka kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Vyuo vingi binafsi vinazidi kiwango hicho, na tofauti itatafutwa benki, ambazo hupenda mdhamini mwenye historia nzuri ya mkopo. Ni wangapi kati yetu wanaye mdhamini huyo? Yapo maajabu: New York University ilifuta ada ya udaktari mwaka 2018, na chuo cha udaktari cha Albert Einstein kule Bronx kikafuata 2024 kwa zawadi ya dola bilioni moja. Watu hujazana huko kama kwenye basi la mwisho la Mbagala. Kwa wengine wote, shahada ya kwanza iliyosomwa kwa mkopo mkubwa inapunguza uwezo wa kuilipia ya pili, na chuo cha jimbo karibu na nyumbani, chenye ufadhili, mara nyingi kinashinda jina kubwa.

Zaidi ya nusu ya wanaoingia udaktari siku hizi hawatoki chuoni moja kwa moja. Wanakaa mwaka, miwili, wakifanya kazi. Kijana wetu naye atakaa, na katika muda huo atakula kwa shahada aliyonayo. Mwenye takwimu ataajiriwa na hospitali kuchambua data, mwenye Kihispania atafanya ukalimani kliniki, mwenye uhasibu atalipa kodi bila kubeba maboksi usiku. Mwenye baiolojia tupu na GPA ya 3.1 atagundua kwamba kazi za maabara za shahada ya kwanza ni chache na mishahara yake ni midogo, na huenda akarudi kwenye ile nyumba ya wazee, zamu ileile, safari hii akiwa na joho ukutani.

Ugumu uliobaki uko kwenye familia. Udaktari kwetu ni mradi wa ukoo; kuna watu waliochangia nauli, kuna bibi anayesubiri kupimwa presha na mjukuu. Kijana anajua, kwa hiyo akishapata ile C ya kwanza anaficha. Anaendelea kusema "baiolojia, salama tu" kwa miaka mitatu huku GPA ikizama, na nyumbani wanakuja kujua mahafali yakishapita. Laiti angeruhusiwa kusema mapema.

Vyuo vingi humdai mwanafunzi atangaze somo lake kuu mwishoni mwa mwaka wa pili. Kufikia hapo ameshaonja kemia ya mwaka mzima, pengine na ogani, na anajua alama zake kuliko mtu yeyote. Basi akisema amehama baiolojia kwenda sosholojia, mzazi asianze na kilio. Aulize fizikia imepangwa muhula gani, na kama maabara yake inagongana na zamu ya kazini.